Mjadala: Kilomita 53 za Serengeti kwenye barabara ya Mugumu–Loliondo zibaki changarawe, ziwekwe lami au zifungwe?

Kigingi (mwanzisha mada)
Wakuu, suala hili linaibuka kila bajeti ya ujenzi inaposomwa, na kila mara linaishia kwenye matusi kati ya "wapenda wanyama" na "wapenda maendeleo". Tulijadili kwa vipimo.

Barabara yenyewe inaanzia Makutano upande wa Musoma, inapita Natta na Mugumu, inaingia Hifadhi ya Taifa ya Serengeti kwa geti la Tabora B na kutokea geti la Kleins. Kutoka hapo ni Loliondo, Waso, Sale, halafu inateremka Engaresero hadi Mto wa Mbu. Kipande cha hifadhini ni kilomita 53. Mwaka 2010 Serikali ilitangaza kuijenga yote kama barabara kuu. Juni 2011 ikaiandikia UNESCO kwamba kipande cha hifadhini hakitawekwa lami na kitabaki chini ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa. Tarehe 20 Juni 2014 Mahakama ya Afrika Mashariki ikatoa zuio dhidi ya lami ndani ya hifadhi.

Huku nje, lami inasogea. Makutano–Sanzate kilomita 50, Waso–Sale kilomita 49. Swali langu ni moja: ncha zote mbili zikishakuwa lami, hapo katikati patakuwaje?

Mwana_Mugumu
Patakuwa kama palivyo pengine Tanzania: patawekwa lami. Barabara ya Dar es Salaam kwenda Zambia inakata Mikumi kwa takriban kilomita 50, ina lami tangu miaka ya 1970, na hifadhi ipo. Kuna matuta, kuna vibao vya mwendo, ukigonga mnyama unalipa. Kwa nini Mikumi iwezekane na Serengeti ishindikane?

Msisahau pia kwamba magari yanapita Serengeti leo hii. Mabasi ya Arusha–Musoma yanapanda Ngorongoro, yanashuka Naabi, yanapita Seronera na kutokea Ikoma. Abiria analipia hifadhi mbili ili afike kwao tu. Asiyetaka hivyo azunguke Babati, Singida, Nzega, Shinyanga, Mwanza, Bunda. Angalieni ramani mhesabu mikoa.

Nyika Kaskazini
Mikumi si mfano, mkuu. Pale wanyama wanavuka makundi madogo madogo, na bado wanagongwa kila mwaka. Serengeti kuna nyumbu wapatao milioni 1.3 na pundamilia karibu laki mbili, wanaokwenda kusini–kaskazini. Barabara hii inakwenda mashariki–magharibi. Yaani inawakata njia moja kwa moja, na inawakata mahali pabaya: kaskazini, wanakokimbilia kiangazi kwa sababu Mto Mara ndio mto unaotegemewa kuwa na maji miezi hiyo. Ukimzuia nyumbu asifike kule Agosti hana mpango wa pili.

Tena idadi hiyo ya nyumbu si ya tangu enzi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 walikuwa kama laki mbili na nusu, kwa sababu ya sotoka, ugonjwa wa virusi uliotoka kwa ng'ombe. Ng'ombe wa pembezoni walipochanjwa ugonjwa ukaisha, na kufikia 1977 nyumbu walishapita milioni moja. Kundi hili linapanda na kushuka haraka.

Mkitaka mfano halisi nendeni Botswana. Uzio wa Kuke ulijengwa 1958 kuzuia ugonjwa wa mifugo, ukawafungia nyumbu wa Kalahari njia ya kwenda kwenye maji. Ulipokuja ukame, hasa ule wa 1983, walikufa kwa maelfu wakiwa wamekwama kwenye waya.

Mwana_Mugumu
Huo ni uzio. Hapa hakuna aliyeomba uzio.

Nyika Kaskazini
Hakuna anayeomba mwanzoni. Makadirio yaliyotumika kwenye mjadala wa 2010 yalikuwa magari 800 kwa siku katika miaka ya mwanzo, na 3,000 ifikapo 2035. Basi likigonga kundi usiku watu wakafa, Bunge litadai nini wiki inayofuata? Kuna hesabu ya wanasayansi iliyochapishwa 2011: barabara ikiwa kizuizi kamili, nyumbu wangepungua kwa takriban asilimia 35. Nakubali "kizuizi kamili" ni dhana kali. Lakini barabara yenye magari mengi huwa kizuizi hata bila waya.

Fundi Greda
Niingie kwa upande wa kazi, maana hapa ndipo watu wanapojidanganya. Mnasema "ibaki changarawe" kana kwamba changarawe ni kitu cha kudumu.

Kwa kawaida barabara ya changarawe inapoteza unene wa sentimita 2 hadi 3 kwa mwaka, kutegemea mvua, aina ya changarawe na wingi wa magari. Chukua 2.5. Upana mita 6, urefu kilomita 53: ni karibu meta za ujazo 8,000 zilizoshindiliwa, zinazopeperuka kuwa vumbi au kusombwa mitaroni kila mwaka. Ongeza asilimia 30 kwa sababu unaibeba ikiwa haijashindiliwa: zaidi ya 10,000. Tipa la meta za ujazo 15 litakwenda safari 690 hivi kila mwaka, kurudishia kilichopotea tu. Inachimbwa wapi? Ukichimba ndani ya hifadhi unaacha mashimo, ukitoa nje unaongeza tipa kwenye njia ileile ya wanyama, na unaingiza mbegu za magugu zilizokuwa machimboni.

Hapo ni kwa magari machache. Yakifika 200 hadi 300 kwa siku, changarawe haina hesabu tena kiuchumi. Greda ikipita leo, baada ya wiki chache makunyanzi (yale mawimbi ya barabarani) yamerudi, madereva wanatanua pembeni kuyakwepa, na njia moja inakuwa nne. Kilichotokea kati ya Golini na Naabi, kwenye njia ya Ngorongoro kwenda Seronera, kila mpita njia anakijua. Udongo mweusi ndio mbaya zaidi: masika gari linazama, dereva anafungua njia mpya kwenye majani.

Kwa hiyo ukiweka lami Mugumu na Loliondo halafu ukawaachia semitrela wapite katikati, hujachagua changarawe. Umechagua lami ya baadaye, tena itakayojengwa kwa dharura.

Mwana_Mugumu
Sasa umenisaidia mimi! Si bora iwekwe lami nyepesi mapema, vumbi liishe, machimbo yasimame?

Fundi Greda
Vumbi litaisha kweli. Ila kwenye changarawe mbovu lori linakwenda 40, kwenye lami litakwenda 90 hadi tuta linalofuata. Pia maji ya mvua yanayomwagika pembeni mwa lami yanastawisha majani mabichi kandokando, na wanyama watayafuata hapohapo.

Na wanaosema "tufunge usiku" wapige hesabu. Magari 3,000 kwa saa 24 ni gari moja kila sekunde 29. Ukifunga saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi, magari yaleyale yanabanwa kwenye saa 12 za mchana: moja kila sekunde 14 au 15. Halafu foleni yote ya usiku inaachiliwa kwa mkupuo alfajiri.

Ibara
Kwenye sheria, msizidishe wala kupunguza. Kesi ilifunguliwa 2010 na shirika la Kenya la kutetea wanyama, ANAW, kwa kutumia Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mahakama (ambayo makao yake ni Arusha, si kwa "wazungu" kama mnavyopenda kusema) ilizuia pendekezo la kujenga au kutunza barabara ya kiwango cha lami kukatiza hifadhi. Haikugusa lami ya nje ya hifadhi, na iliiachia Serikali haki ya kuanzisha mipango mingine isiyodhuru ikolojia. Kwa hiyo Waso–Sale haivunji zuio. Lami Tabora B–Kleins ingelivunja.

Kigingi
Na njia ya kusini? Karatu, Mbulu, Haydom, Sibiti, Lalago, Maswa. Daraja la Sibiti lilikuwa kikwazo kikubwa na sasa lipo. Bariadi–Lamadi ina lami.

Mwana_Mugumu
Nzuri kwa mzigo wa Arusha kwenda Mwanza na Musoma. Inapita maeneo yenye watu wengi, sikatai. Lakini mtu wa Waso haimfikishi popote. Yeye anataka kushuka Mto wa Mbu.

Fundi Greda
Basi mpe mtu wa Waso lami hadi Mto wa Mbu, mpe mtu wa Mugumu lami hadi Makutano. Hayo ni mahitaji mawili yenye majibu mawili, na hakuna hata moja linalohitaji zile kilomita 53. Anayezihitaji ni mwenye lori la kupita, na wake ni kusini.

Masharti ni mawili. Kusini ikamilike kabla lami haijafika Tabora B na Kleins, kwa sababu lori likishazoea njia halihami. Na kwenye mageti yote mawili uwekwe ukomo wa uzito, tani 10 kwa mfano, wenye kizuizi cha chuma cha urefu juu ya geti. Kibao peke yake hakijawahi kusimamisha semitrela.

Mwana_Mugumu
Kizuizi nakubali, mradi basi la abiria na gari la wagonjwa vipite bila ada ya utalii. Bila hilo mtakuwa mmetufungia barabara kwa mlango wa nyuma.