Kikundi cha ukoo: oili ya giaboksi

Rehema: Shikamooni wote. Jamani, IST yangu inadai oili ya giaboksi. Nimeulizia gereji moja kubwa, kumwaga tu wanataka laki tatu na ushee. Naombeni ushauri.

Baba Careen: Marahaba. Lipa tu mdogo wangu. Giaboksi si ya kuchezea, ikifa utanunua nyingine.

Anko Hamisi: Marahaba Rehema. Usilipe. Hiyo kazi tunaifanya hapa kwangu uani, na kopo la lita 4 hata nusu ya hela hiyo halifiki. Chomoa stiki ya kupimia oili ya giaboksi, ipige picha utuwekee.

Rehema: [Picha]

Rehema: Imeandikwa T-IV

Anko Hamisi: Ndiyo hiyo hiyo, ndiyo aina ya oili yake. Dukani taja T-IV. Akikwambia "chukua hii, inaingia gari zote", ondoka.

Zuhura: Anko, na mimi nichukue hiyo hiyo ya Ractis yangu? Tununue pamoja.

Anko Hamisi: HAPANA Zuhura! Yako ni CVT, giaboksi ya aina nyingine. Mle ndani kuna mkanda wa chuma unaobanwa na puli mbili, na oili yake imetengenezwa ili mkanda usiteleze. Ukiweka T-IV umeiua. Fungua kitabu cha gari uone oili iliyotajwa.

Zuhura: Nimekuelewa anko 🙏🏾

Baba Careen: Anko mimi naogopa hapo kwenye kupima. Wengi wanajaza kwa macho.

Anko Hamisi: Umesema kweli, gari nyingi zinaharibikia hapo. Kwanza kabisa, asije mtu akafungua nati ya kumwagia oili ya injini akidhani ni ya giaboksi. Ya injini inafunguka kwa spana ya 14. Ya giaboksi ina tundu la pembe sita, inataka alenki ya 10. Ukikosea unamwaga injini, kisha unaiongezea giaboksi oili juu ya ile iliyomo, halafu unaondoka na injini kavu. Nimeziona hizo.

Anko Hamisi: Ikimwagika, tunaipima kwenye dumu na kurudisha kiasi kile kile, kwa faneli, kupitia tundu la stiki. Baada ya hapo gari itembee mpaka ipate moto. Isimame pasipo mteremko, injini inawaka, mguu kwenye breki, pitisha gia zote taratibu urudi P. Chomoa stiki, futa, rudisha, chomoa tena. Isome kwenye alama za HOT. Ukizima injini kipimo kinadanganya.

Rehema: Kwa hiyo oili yote inakuwa mpya?

Anko Hamisi: Haifiki hata nusu, nyingine inabaki ndani. Tembelea wiki kadhaa, turudie. Mimi napenda hivyo, giaboksi iliyokaa na oili nzee sipendi kuisafisha kwa presha. Ila hiyo ya kwanza ikitoka nyeusi inanuka kuungua, au ina vipande vya chuma, tunasimama hapo tunamwita fundi wa giaboksi.

Mama Careen: Na hiyo chafu msinimwagie mtaroni, maji ya ule mtaro yanapita kwenye bustani yangu ya mchicha.

Anko Hamisi: Haimwagwi shemeji. Fundi wa pale kona ana pipa la kukusanyia, tutampelekea.

Rehema: Jumamosi asubuhi basi. Nije na nini?

Anko Hamisi: Oili, washa mpya ya nati, na dumu tupu la lita 5. Jeki ninayo, stendi sina, na chini ya gari inayoshikiliwa na matofali haingii mtu.

Baba Careen: Stendi ninazo mbili. Nitakuja nazo saa mbili.