Eti kuwasha logi za databezi ni "KUBONYEZA TU"! Huyu mtu atatuua kwa presha

Wakuu, kikao kimeisha sasa hivi na mikono bado inatetemeka. Mods naomba msiuunganishe huu uzi na ule wa ajira, hili ni jambo lingine kabisa.

Huyu mtu mnamjua. Simtaji. Kila semina ya TEHAMA yuko meza ya mbele, beji shingoni hata Jumapili, na akishapewa kipaza sauti mpaka umnyang'anye. Ofisi ngapi za mjini hapa kazipitia? Wengi humu mmepita mikononi mwake. Ndiye huyo huyo.

Leo wakaguzi wa nje wamekaa upande huu, mkurugenzi upande ule, mimi na laptop yangu katikati. Mkaguzi akauliza swali moja, kwa upole kabisa: kuna kiasi kimebadilishwa kwenye jedwali la malipo, nani kakibadilisha? Jamaa akasimama, akarekebisha koti, akaninyooshea kidole: "Muulizeni huyu dada wa databezi. Kuwasha logi za ukaguzi ni kubonyeza tu. Hata mtoto wa fildi angebonyeza."

KUBONYEZA TU. Mbele ya mkurugenzi!

Mnaofanya hizi kazi nisikilizeni. Databezi yetu, PostgreSQL, iko kwenye wingu, si kwenye seva iliyo chini ya ngazi niingie nihariri faili nitakavyo. Kule kuna kundi la mipangilio la wenye huduma, na la kwao haliguswi. Unatengeneza la kwako, unaingiza pgaudit (nyongeza inayoandika nani kafanya nini) kwenye shared_preload_libraries, orodha ya vinavyopakiwa databezi inapowaka, unaliunganisha na databezi, halafu lazima databezi izimwe iwashwe upya. Lazima! Bila hivyo andika CREATE EXTENSION, amri ya kuiongeza, mpaka vidole viote sugu, utarudishiwa kosa lile lile.

Nani alikataa isizimwe? Yeye! Nimeandika barua pepe, nimeomba kwenye grupu la WhatsApp, nimemfuata hadi kwenye maegesho ya magari. "Wateja watapiga simu." Saa tisa usiku wateja gani watapiga simu? Popo?

Na hata ikishawaka, pgaudit.log inakuja ikiwa none. Ipo, imekaa, haiandiki kitu mpaka uiambie unataka nini: write (kubadilisha data), ddl (kubadilisha muundo), role (akaunti na haki), read (kusoma). Hiyo orodha niliichapa nikampelekea asaini, maana kuamua nini kiandikwe ni jukumu la mwenye taarifa, si langu peke yangu. Mpaka leo iko chini ya kikombe chake. Halafu anasimama mbele ya wakaguzi na slaidi yenye tiki ya kijani, kubwa kama sinia la pilau: UKAGUZI UMEWASHWA.

Kuna jingine. Ofisi nzima inaingia kwa akaunti moja. Programu, watu wa ripoti, yeye mwenyewe akiwa msibani na simu yake, wote ni "admin". Hata nikiwasha kila kitu usiku huu, logi itasema admin kafanya. Admin nani? Nimeomba kila mtu apewe akaunti yake, nikaambiwa nina roho mbaya.

Aliposema kubonyeza tu, mkurugenzi akanitazama kuanzia kichwani mpaka viatuni. Mkaguzi akaandika kitu kwenye daftari lake huku ananiangalia mimi. Mimi! Si mwenye slaidi! Mtoto wa fildi mwenyewe alikuwepo mlangoni ameshika maji, kainamisha kichwa kwa aibu.

Kubonyeza tu, jamani?

mzee_wa_kebo: Nimewahi siti ya mbele. Tiririka dada.

kaka_seva: Ni yule wa "tuhamie kwenye wingu, kule kila kitu kinajiendesha"? Alitupitia sisi. Pole sana, sisi alituacha na bili na picha za pamoja.

Mpwa wa SQL: Punguza povu. Uzi mrefu hivi na hujasema ulimjibu nini. Umenyamaza kule, hasira umekuja kuzimalizia kwetu.

dada_databezi (mwanzisha uzi): Nimjibu nini mbele ya mkurugenzi? Mtu kasema KUBONYEZA TU, na kidole kimenyooka!

Mpwa wa SQL: Ungebonyeza.

mzee_wa_kebo: 😂😂😂

bongo_dba: Hata ingekuwa imewashwa mngepata nusu ya habari. pgaudit.log_parameter, ile inayoandika thamani halisi zilizokaa nyuma ya alama za $1 na $2, nayo inakuja imezimwa. Mimi niliwahi kumpelekea mkaguzi mstari huu kwa kujiamini kabisa:

AUDIT: SESSION,1,1,WRITE,UPDATE,TABLE,public.malipo,UPDATE malipo SET kiasi = $1 WHERE id = $2,<not logged>

Akaniuliza, kwa hiyo alibadilisha kiasi kuwa dola moja? Nilikaa chini. Iwasheni hiyo mapema, ila mjue namba za simu na majina ya wateja nayo yataanza kuingia kwenye logi, kwa hiyo zifungieni.

Chapati Moja: Chai. Hakuna mkaguzi anayeuliza nani kabadilisha mstari kwenye databezi. Wakaguzi wanauliza risiti.

bongo_dba: Mkuu umelala tangu lini? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa 2022, imeanza kutumika Mei 1, 2023. Ukishika taarifa za watu unatakiwa kuzilinda. Risiti ndiyo ya mwisho siku hizi.

Nyambura_wa_Ruiru: Jameni nyinyi mnalia hamna logi, mimi nalia nazo. Huku Nairobi bosi alisoma mahali kuhusu sheria yetu ya kulinda data ya 2019 na zile saa 72 za kuripoti data ikivuja, akaingia mwenyewe akaweka pgaudit.log = 'all'. Kila SELECT ya programu, yaani kila inaposoma data, ikaandikwa. Kila moja! Na logi zinatozwa kwa gigabaiti. Mwisho wa mwezi bili ya logi ikawa imepita ya databezi yenyewe. Nani aliitwa ofisini kujieleza? Si yeye.

bongo_dba: Huyo angetumia pgaudit.role. Unatengeneza jukumu (role) la ukaguzi, unalipatia haki kwenye jedwali la malipo peke yake, basi yanayogusa jedwali hilo tu ndiyo yanaandikwa.

Nyambura_wa_Ruiru: Mwambie yeye. Mimi nikimwambia ananiuliza nimesoma chuo gani.

Mzaramo_wa_LAMP: Haya yote ni kwa sababu mmeng'ang'ania PostgreSQL. Sisi wa MySQL tunaishi kwa amani.

kaka_seva: Amani gani? Logi ya ukaguzi ya MySQL iko kwenye toleo la Enterprise, la kulipia. Hiyo plagini ya ukaguzi mnayotambia ni ya MariaDB, mmeazima kwa jirani.

Mzaramo_wa_LAMP: Kuazima si kuiba. Nyie wenzetu mkiweka log_statement, ule mpangilio wa logi za kawaida za PostgreSQL, kuwa ddl, mtu akibadilisha neno la siri kwa ALTER ROLE linaonekana lote kwenye logi, wazi. Mmeshawahi kuangalia? Kaangalieni halafu mje mtambe.

dada_databezi (mwanzisha uzi): Jamani naomba turudi kwenye mada. Mtu amesimama mbele ya wakaguzi akasema kubonyeza tu.

Saa_Nane_Kamili: Dada pole, ila mimi yangu ni kubwa zaidi. Logi zetu ziko kwa saa za UTC, saa za kimataifa. Bosi akaona 23:10 Jumamosi, akambana kijana wa zamu ya Jumamosi jioni mpaka akalia. 23:10 ya UTC huku kwetu ni saa nane na dakika kumi, usiku wa kuamkia Jumapili, kijana yuko kwao Mbagala amelala! Nikamwonyesha bosi kwa vidole, moja, mbili, tatu. Akasema kompyuta haiwezi kukosea saa. Kijana ameacha kazi.

Mpwa wa SQL: Hili ndilo linastahili uzi. La kubonyeza tumeshalisahau.

kaka_seva: Na wenye RDS, databezi ya wingu ya Amazon, hamishieni logi CloudWatch, hifadhi yao ya logi, mapema. Faili za logi za PostgreSQL pale zinakaa siku 3 usipogusa, ukiongeza mwisho 7. Wakaguzi huwa wanauliza ya mwezi uliopita. Dada, hata ningekuwa mimi leo nisingekuwa na cha kuonyesha.

Chapati Moja: Hivi huyu mnayemsema si ndiye aliyeendesha semina ya wingu pale Morogoro?

mzee_wa_kebo: Ndiye! Mwenye beji! Posho zetu ziko wapi?

Saa_Nane_Kamili: Nyie hamjalipwa? Nilidhani ni mimi peke yangu nimerukwa.

dada_databezi (mwanzisha uzi): Uzi ni wa LOGI.

mzee_wa_kebo: Dada subiri kidogo, hili la posho ni la dharura. Waliokuwa kundi la kwanza mmelipwa ya siku zote?

Chapati Moja: Ya siku ya ufunguzi tu, na wakakata chakula. Chakula chenyewe wali maharage.

kaka_seva: Sisi kundi la pili tulijazishwa fomu mbili, ya nauli na ya malazi. Ya nauli imeingia. Ya malazi mhasibu anasema jina limekosewa herufi moja, nisubiri mwaka wa fedha ujao. Mwenye namba ya yule mhasibu anitumie PM.