Tupeane uzoefu: Mega Man ipi, kati ya michezo hii ya video, iliwatesa kuliko zote?

MzeeWaPedi: Wakuu, nimesikia tena muziki wa ngome ya Dk. Wily, yule adui mkuu, kwenye Mega Man 2, viganja vikaloa jasho. Nyie mlikwama wapi?

KidoleGumba: Ya kwanza, ya 1987, sina ubishi. Haina nywila ya kuendelea ulipoishia, haina tangi la nishati la kukurudishia uhai. Ukizima mashine, unaanza upya. Halafu bosi Yellow Devil: anajigawa vipande, vinaruka kutoka ukuta hadi ukuta, unakwepa kimoja kingine kiko usoni. Dawa yake ni umeme wa Elec Man, bosi ambaye ukimshinda unapata silaha yake. Ukigusa jicho, bonyeza Select, kitufe cha kusimamisha mchezo, mfululizo, unamuumiza upya kila mara.

NgumiTupu: Huo ni wizi, si ufundi.

KidoleGumba: Mpige kwa risasi za kawaida ndipo uje tuongee.

DadaPikseli: Mizinga ya ngome, Mega Man 2, steji ya nne. Bado inaniuma. Ndani ya chumba kile kuna mizinga mitano ukutani, inafyatua yote kwa pamoja, na haiumii ila kwa mabomu ya Crash Man. Silaha ikijaa unapata mabomu saba tu, na kuna kuta zinazotaka bomu pia. Pedi alikuwa nayo kaka yangu, sisi tumemzunguka kimya. Mizinga minne ikalipuka. Bomu la mwisho likanasa kwenye ukuta, sentimita chache kando ya mzinga wa tano. Damu (uhai) bado imejaa, hajaguswa, na hana la kufanya! Akawa anatembea humo chumbani akisubiri auawe. Na ukifa hapo unarudi na silaha tupu vilevile.

Mwanasteji: Pole dada. Yamenikuta.

KidoleGumba: Maliza maisha yote makusudi. Ukiendelea baada ya Game Over silaha zinajaa.

NgumiTupu: La, tumia Item-1, jukwaa linaloelea, upande juu ya kuta, mabomu yabaki kwa mizinga.

MzeeWaPedi: Na ile miale ya steji ya bosi Quick Man? Mimi nasimamisha muda kwa silaha ya Flash Man, napita.

Mwanasteji: Usithubutu mzee! Ihifadhi kwa Quick Man mwenyewe, inamlamba nusu ya damu. Miale ikariri.

NgumiTupu: Yote hiyo ni raha. Ya tatu ilileta kuteleza na mbwa Rush, nikashukuru, kisha ikanirudisha kwenye steji nne zilezile kupigana na mabosi wa ya pili upya. Ile ndiyo inachosha.

DadaPikseli: Usiiguse ya tatu. Kuteleza kulifanya kukwepa kuwe kutamu. Aliyeharibu ni ya nne, 1991: risasi ya kujazia kwa kushikilia kitufe. Silaha za mabosi zikabaki pambo. Ndiyo maana ya tisa, 2008, iliondoa risasi hiyo, hata kama iliondoa na kuteleza, nami nikaipenda.

NgumiTupu: Kuondoa kuteleza ndiyo uzuri? Dada, hapo hatutaelewana.

Mwanasteji: Mimi ni steji ya Heat Man ya Mega Man 2, visanduku vinavyotokea na kutoweka. Chukua Item-2, chombo kinachoruka mbele, ruka juu yake, usivihesabu.