Secure Boot: kuizima, kusajili MOK, au kuweka funguo zako mwenyewe?

kipanga_tz
Wakuu, kuna ThinkPad ya 2022 yenye Windows 11, BitLocker (usimbaji wa diski wa Windows) imewashwa, na kadi ya NVIDIA. Inawekewa Ubuntu 24.04 pembeni. Njia ziko tatu: kuzima Secure Boot (ulinzi unaokubali programu zenye saini inayoaminika tu wakati wa kuwasha mashine), kuiacha na kusajili MOK (ufunguo wa saini wa mwenye mashine), au kufuta funguo za kiwandani na kuweka zako kwa sbctl (zana ya Linux ya kusimamia funguo hizo). Ipi inafaa mashine ya kazi ya kila siku?

Mama_Terminal
Usiguse BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine) kabla ya kushughulikia BitLocker. Ufunguo wa diski umefungwa ndani ya TPM (chipu ya usalama) kwa kipimo cha PCR 7 (rekodi ya hali ya Secure Boot), na kipimo hicho hubadilika Secure Boot ikibadilika. Ukiizima tu, Windows itakudai tarakimu 48 za ufunguo wa kurejesha. Fungua Command Prompt kama msimamizi:

`manage-bde -protectors -get C:`
Nakili tarakimu hizo kwenye karatasi.

`manage-bde -protectors -disable C: -RebootCount 0`
Ulinzi unasimama mpaka uurudishe kwa `-enable`. Usisahau kuurudisha.

`shutdown /r /fw /t 0`
Unaingia BIOS moja kwa moja, bila kubahatisha kitufe.

Kura yangu ni MOK.

bodi_na_waya
Naungana na Mama. Wengi huzima Secure Boot kwa sababu flashi ya Ubuntu imekataliwa, kumbe tatizo ni dogo. ThinkPad nyingi za kuanzia 2022 hutoka kiwandani zikiwa zimezima "Allow Microsoft 3rd Party UEFI CA", na shim ya Ubuntu (programu ndogo inayoanza kuiwasha) imetiwa saini kwa cheti hicho hicho. Nenda Security, kisha Secure Boot, washa hiyo peke yake, F10. Hali ya Legacy (uwashaji wa kizamani) usiiguse kabisa. Windows iliyowekwa kwenye diski ya GPT (mgawanyo wa diski wa kisasa) haitawaka humo.

Na kwa NVIDIA huenda MOK usiihitaji. `sudo ubuntu-drivers install` kwa kawaida huleta moduli (viendeshi vya keneli, yaani kiini cha mfumo) ambazo Canonical, watengenezaji wa Ubuntu, wameshazitia saini. MOK inakuja pale moduli inapojengwa kwenye mashine yako kwa DKMS (zana ya kujenga moduli upya kila keneli inapobadilika), mfano VirtualBox. Bila saini, `modprobe` itasema "Key was rejected by service".

kipanga_tz
Nikilazimika kusajili, hatua zake?

Mama_Terminal
`sudo mokutil --import /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der`, weka nywila ya muda ya herufi 8 hadi 16, washa upya. Itatokea skrini ya bluu: bonyeza kitufe chochote ndani ya sekunde 10, halafu Enroll MOK, Continue, Yes, nywila, Reboot. Sekunde zikikupita, ombi linafutwa na unaanza upya. Skrini ile inasoma kibodi kwa mpangilio wa Kimarekani, kwa hiyo kwenye nywila hiyo tumia herufi za kawaida tu. Mwisho hakiki kuwa Secure Boot bado imewaka kwa `mokutil --sb-state`.

saini_kwanza
sbctl ni nzuri kwa Arch (toleo lingine la Linux). Unatia saini keneli kwa `sbctl sign -s`, na saini inarudiwa kila sasisho linapoingia. Kwa Ubuntu ni kujitwisha mzigo bure. Anayeitaka lazima aiweke BIOS kwenye Setup Mode (hali ya kupokea funguo mpya), kisha `sbctl enroll-keys -m`. Hiyo `-m` inabakiza vyeti vya Microsoft. Ukiiacha, programu dhibiti ya kadi ya picha iliyosainiwa kwa vyeti hivyo inaweza kukataliwa, skrini ikabaki nyeusi hata BIOS usiione. Kuna laptop zilizokufa hivyo.

jahazi254
Kuzima nako kuna nafasi yake. Secure Boot ikiwa imewaka, keneli ya Ubuntu inakataa kuilaza mashine kwa kuhifadhi RAM kwenye diski. Anayeitegemea sana huduma hiyo, azime. Windows 11 itaendelea kuwaka, ila michezo kama Valorant itagoma.

bodi_na_waya
Sasisha BIOS pia. Vyeti vya Microsoft vya 2011 vinaanza kuisha muda Juni 2026, na shim iliyosainiwa kwa cheti cha 2023 pekee itakataliwa na BIOS isiyokijua.

saini_kwanza
Na weka Supervisor Password (nywila ya kulinda BIOS), la sivyo yeyote atakayeishika mashine ataizima Secure Boot kwa dakika moja. Iandike mahali salama: kwenye ThinkPad ukiisahau, Lenovo wanabadilisha bodi nzima.