Kikundi cha Ukoo: Safari ya Misheni ya Rehema

Baba: Bwana Yesu asifiwe, wapendwa wote. Mzee, shikamoo. Naandika kuwajulisha kwamba Rehema ameteuliwa na kanisa letu kuwamo katika timu ya misheni itakayokwenda nje ya nchi kwa majuma mawili, kuhudumu pamoja na kanisa mwenyeji lililowaandikia barua ya mwaliko. Sikutaka mlisikie jambo hili kwa watu baki, wala sikutaka tuanze kuchangishana kabla kila mwenye neno hajalisema.

Rehema: Shikamooni, wazazi wangu, na Babu shikamoo. Tutakuwa watu kumi. Wenye taaluma ya afya watafanya kliniki ya muda, wengine watakwenda nyumba kwa nyumba wakiongozana na wainjilisti wa huko, na mimi na mwenzangu mmoja tumepangwa kukaa na walimu wa shule ya Jumapili, kwa sababu hiyo ndiyo huduma niliyoizoea hapa. Kila mmoja ametakiwa kutafuta nauli yake kwa kuwaandikia ndugu na marafiki barua ya kuomba maombi na mchango. Nimeona ni vizuri barua ya kwanza ije nyumbani.

Babu: Marahaba, mjukuu wangu. Nimefurahi. Nitasema baadaye, kwanza niwasikie wanangu.

Baba Mdogo: Mzee, shikamoo. Kaka, ahsante kwa kulileta hapa. Nitasema waziwazi, na Rehema mwanangu usinielewe vibaya. Nauli ya watu kumi kwenda na kurudi, ukijumlisha viza, bima na malazi, ingemtunza mwinjilisti wa huko huko kwa muda mrefu, naye anaijua lugha, anawajua watu, na siku ya kumi na tano bado yupo. Mwaka 1971 Mchungaji John Gatu wa Kanisa la Presbyterian la Afrika Mashariki alipendekeza, mbele ya wale wale waliokuwa wakituma, kwamba wamisionari na fedha za kutoka nje visitishwe kwa muda usiopungua miaka mitano ili makanisa ya Afrika yajifunze kujitegemea. Pendekezo lile lilizua kelele nyingi, lakini hoja yake ipo hai hadi leo, na haiwezi kuwa batili eti kwa sababu safari hii wanaotuma ni sisi.

Binamu Yona: Nakubaliana na Baba Mdogo kwa sehemu. Nimeona picha za baadhi ya timu, na ukizitazama unaweza kudhani kwamba watoto wa watu walikuwa sehemu ya mapambo ya safari.

Mama: Mimi kama mama nina hofu zangu za kawaida, yaani ugonjwa, barabara za usiku na mtu wa kumkimbilia jambo likiharibika. Nawaombeni msinicheke.

Shangazi: Hakuna wa kukucheka, wifi yangu. Hofu hizo zina majibu, tutayafikia. Nianze na la mdogo wangu, kwa kuwa mimi nilikwishakwenda na timu ya namna hiyo nikiwa muuguzi, na swali lake nililiona kwa macho yangu. Kwenye kliniki yetu alikuja mama wa makamo ambaye shinikizo lake la damu lilikuwa limepanda sana, na sisi tulikuwa na vidonge vizuri vya kumtosha mwezi mmoja. Muuguzi wa zahanati ya pale, aliyekuwa ameketi ubavuni mwangu akiandika, akaniuliza kwa sauti ya chini mwezi ukiisha mama huyu atavipata wapi, maana dawa ile haikuwamo katika orodha ya zahanati yake. Daktari wetu alisikia. Akavirudisha vidonge kwenye boksi, akaandika dawa ambayo zahanati huwa inayo, na vipimo vya yule mama vikaingizwa katika daftari la zahanati badala ya fomu zetu tulizokuja nazo. Kwa hiyo mgonjwa alibaki kuwa wa zahanati yake, na sisi tukawa mikono ya ziada kwa siku zile chache.

Baba Mdogo: Na kama yule muuguzi asingekuwa ameketi hapo?

Shangazi: Tungempa vidonge vya mwezi mmoja, tukapiga picha, tukaondoka. Ndiyo maana nasema hoja yako ina uzito, ila inahukumu namna ya kwenda, si kwenda kwenyewe. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kuhusu misaada ya dawa unataka dawa zitokane na mahitaji ya wapokeaji, ziwemo katika orodha inayotumika nchini mwao, na kwa kawaida ziwe zimebakiza angalau mwaka mmoja kabla ya muda wake kwisha zinapowasili. Timu inayokusanya mabaki ya dawa za nyumbani kwa watu na kuyafunga kwenye sanduku haijausoma mwongozo huo. Vilevile leseni ya daktari wa hapa haimfanyi kuwa daktari kule, kwani mamlaka za nchi mwenyeji ndizo zinazotoa kibali cha muda, na mwanafunzi wa uuguzi asiyeruhusiwa kushona kidonda hapa haruhusiwi kukishona kule kwa kisingizio kwamba wagonjwa ni wengi.

Babu: Sasa na mimi niseme. Gatu hakuwachukia wamisionari, alitaka kanisa lisimame kwa miguu yake. Lakini kabla yake kuna mwingine ambaye ningependa Rehema amjue. Katika Mkutano wa Kimisheni Ulimwenguni uliofanyika Edinburgh mwaka 1910, V. S. Azariah wa India, ambaye miaka miwili baadaye akawa Mhindi wa kwanza kuwekwa wakfu kuwa askofu wa Kianglikana, alisimama mbele ya wakubwa wa misheni akakiri kwamba wageni walikuwa wametoa mali zao na hata miili yao, kisha akawaomba wawape watu wake marafiki. Ukumbi haukufurahi wote. Mimi namwona Azariah akimjibu mwanangu Baba Mdogo, maana rafiki hatumwi kwa hundi, hana budi kufika mwenyewe. Ila rafiki haingii katika nyumba ya mtu akaanza kupanga upya viti.

Babu: Someni pia Matendo ya Mitume, sura ya 13. Kanisa la Antiokia lilifunga, likaomba, likawawekea mikono Barnaba na Sauli, ndipo likawaacha waende, na sura ya 14 inaonyesha waliporudi wakalikusanya kanisa wakatoa habari za yote. Mtu aliyetumwa ana wa kumpa hesabu. Kwa hiyo swali langu kwako, Rehema, ni moja tu. Barua ya mwaliko inawaombeni mfanye nini, au inasema karibuni tu?

Rehema: Babu, barua niliyoonyeshwa inawataja walimu wa shule ya Jumapili na inaitaja kliniki. Haitaji mahubiri ya nyumba kwa nyumba. Sijui kama jambo hilo liliongezwa na sisi. Nitamwuliza kiongozi wa timu.

Baba Mdogo: Hapo ndipo penyewe. Mwinjilisti wa huko akiwaongoza wageni nyumba kwa nyumba kwa majuma mawili, nani anawatembelea wagonjwa wake na nani anaketi na wanafunzi wake wa ubatizo? Halafu mtu akimkubali Kristo mbele ya mgeni, siku ya kuondoka kwa mgeni kazi yote ya kumlea inamwangukia yule yule ambaye hamkumwuliza kama ana nafasi.

Baba: Neno hilo ulibebe kama lilivyo, Rehema, na uliulize kwa heshima.

Binamu Yona: Naomba aulize pia kuhusu viza. Nchi nyingi zinamtaka mtu anayekuja kwa kazi ya dini awe na viza au kibali cha aina hiyo, hata kama halipwi chochote, na wapo viongozi wa timu wanaowaambia watu waseme wanakwenda kutalii. Anayeachwa na tatizo baada ya timu kupanda ndege ni mchungaji aliyewaalika. Jingine ni nyumba za watoto yatima. Mwaka 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio kuhusu watoto wasio na malezi ya wazazi, na azimio hilo linagusa hadi wageni wa kujitolea, kwa sababu pale wageni wanapopenda kuzuru nyumba hizo, wapo wanaowatoa watoto kwa wazazi wao walio hai ili nyumba zijae. Tena mtoto anayezoeshwa kukumbatiwa na mgeni mpya kila baada ya majuma mawili anaumia kila mgeni anapoondoka. Kama ziara ya namna hiyo imo kwenye ratiba, mimi ningeomba iondolewe, hata kama wenyeji wenyewe ndio walioipendekeza.

Rehema: Haimo, kaka, nimeiangalia ratiba. Kuhusu picha, tumesaini kanuni inayokataza kupiga picha ya mtoto bila ruhusa ya mzazi, na hatutaweka chochote mtandaoni hadi mchungaji mwenyeji aridhie, kwa kuwa yeye ndiye anayejua ni muumini gani anaweza kupata shida uso wake ukionekana. Sasa naomba msaada kwa jambo moja linalonitia wasiwasi kuliko yote. Sijawahi kufundisha kupitia mkalimani.

Babu: Hilo niachieni mimi, kwa sababu nimewakalimania wageni wengi ujanani mwangu, na waliojua kazi hiyo walikuwa wachache. Sema wazo moja kamili, lakini fupi, kisha nyamaza. Usikate sentensi katikati, maana mkalimani hajui inakokwenda, na lugha yake inaweza kutaka kianze kile ulichokiweka mwisho. Tazama watu unaowafundisha, usimtazame yeye. Somo lako la saa moja sasa ni la nusu saa, kwa hiyo lipunguze ukiwa bado hapa, usije ukalipunguza kule kwa kukimbia. Mgeni mmoja nilimpenda sana kwa sababu kila usiku aliniletea karatasi yenye mistari yote ya Biblia atakayoitumia na visa atakavyovisimulia, nikapata muda wa kuitafuta mistari hiyo katika Biblia yetu na kumwambia kisa kipi hakitaeleweka. Asubuhi tukisimama pamoja, mimi nilikuwa nimekwisha kulielewa somo, na watu walinisikia kama mtu anayefundisha. Wengine walinipandisha mimbarani nikiwa sijui hata kichwa cha habari, wakazungumza dakika nzima bila kupumua, kisha wakanigeukia wakitabasamu. Tena mkalimani ni mwanadamu, anachoka kabla yako. Mpe maji na umwulize kama aendelee.

Shangazi: Baba amesema yote. Niongeze la timu yenyewe, kwa kuwa watu hujiandaa kwa wenyeji wakasahau kwamba wataishi wao kwa wao. Joto likiwa kali na usingizi ukiwa haba, ugomvi hautoki mbali, na mara nyingi huanzia kwa nani amechelewesha gari. Hata Paulo na Barnaba walitofautiana vikali juu ya Marko, aliyewahi kuwaacha huko Pamfilia, hadi kila mmoja akashika njia yake. Jambo likikukera, lipeleke kwa kiongozi siku hiyo hiyo. Halafu usimwahidi mtu yeyote kitu, si ada ya shule, si simu, si hata kwamba utarudi. Wewe utasahau, yeye atasubiri. Anayeomba msaada mwelekeze kwa wazee wa kanisa lake, wao wanajua nani ana shida kweli na nani amezoea wageni.

Mama: Ahsante, wifi. Rehema, andika hayo.

*Jumatatu, jioni*

Rehema: Shikamooni tena. Nimezungumza na kiongozi wa timu, naye akampigia simu mchungaji mwenyeji nikiwa nimeketi naye. Viza tunayoombewa ni ya huduma za dini, na kanisa mwenyeji ndilo linalotudhamini. Dawa zitanunuliwa kwa orodha iliyotumwa na zahanati, na kibali cha madaktari kimekwisha kuombwa. Kuhusu nyumba kwa nyumba, mchungaji alinyamaza kidogo, kisha akasema kwa upole kwamba hakuliomba jambo hilo, ila aliona si adabu kulikataa. Alichokuwa akikitaka ni wageni wakae siku zote na walimu wa shule ya Jumapili wa makanisa yake madogo, kwa kuwa hawajawahi kukutanishwa mahali pamoja. Kiongozi amekubali kuiondoa sehemu ile, na watu wanne wamehamishiwa kwetu.

Baba Mdogo: Hiyo ndiyo habari niliyokuwa nikiitaka. Bado naamini watu kumi ni wengi, na ningependa kuona kanisa letu likiwatumia wale walimu vitabu mwaka ujao bila mtu kupanda ndege. Lakini bima ya Rehema nitailipa mimi, nayo iwe ile inayogharamia pia kumsafirisha mgonjwa hadi hospitali kubwa.

Baba: Mungu akubariki, ndugu yangu. Nauli mimi na mama yake tutaanza na nusu, na wengine kila mmoja kadiri alivyojaliwa. Fedha zipelekwe moja kwa moja kwa mhazini wa kanisa, zisipitie kwangu.

Shangazi: Rehema, pasi yako ina muda gani? Nchi nyingi zinataka iwe imebakiza miezi sita. Na kadi ya homa ya manjano unayo?

Rehema: Pasi ni mpya, Shangazi. Chanjo bado, nilipanga kuchoma juma la mwisho kabla ya safari.

Shangazi: Hapana, mwanangu. Cheti cha chanjo hiyo huanza kutambuliwa siku kumi baada ya kuchanjwa, na ukifika mpakani siku ya saba wanaweza kukuzuia. Ukichanjwa mara moja kinatosha maisha yote tangu kanuni ilipobadilishwa mwaka 2016, kwa hiyo hakuna sababu ya kungoja. Na daktari wa hapo mwulize dawa ya kuzuia malaria inayokufaa, kwa sababu baadhi yake unaendelea kuzimeza majuma manne baada ya kurudi. Kesho saa tatu asubuhi nitakuwa zamu, njoo na kitambulisho chako.

Rehema: Nitakuja, Shangazi. Saa tatu kamili.