Atlasi mbili za ubongo wa panya, namba mbili

Swali: Nalenga kudunga hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu. Atlasi (ramani ya ubongo) ya Paxinos na Franklin huhesabu kutoka bregma, yaani makutano ya mishono ya fuvu upande wa mbele, ilhali ya Taasisi ya Allen inanipa namba nyingine kabisa za sehemu hiyohiyo. Nidunge kwa kufuata ipi?

Jibu: Atlasi ya Allen ni wastani wa bongo 1,675 zilizopigwa picha zikiwa zimeshatolewa kwenye fuvu, kwa hiyo bregma unayoiona humo ni ya kukadiriwa tu. Dunga kwa Paxinos, kisha usome vipande vya ubongo uliokatwa kwa Allen.

Jibu: Naafiki, ila sawazisha kwanza kimo cha bregma na cha lamda, makutano ya mishono ya fuvu upande wa nyuma. Niliwahi kupuuza lamda iliyokuwa chini kwa nusu milimita. Rangi niliyodunga ikaishia kwenye gamba la ubongo, juu ya hipokampasi.

Muulizaji: Ahsanteni. Nitajaribu kwa rangi kabla ya kudunga virusi vya jaribio langu.