Tumelipia chakula cha mchana, Mandara tumekula harufu

Wakuu, hasira hii ninayo tangu Jumamosi, acha niitoe.

Kuna kampuni inapeleka watu Kilimanjaro kwa siku moja, geti la Marangu hadi vibanda vya Mandara na kurudi. Elfu tisini na tano kwa kichwa: usafiri, kiingilio, waongozaji na CHAKULA CHA MCHANA. Hizo herufi kubwa ni zao, siyo zangu.

Tuliambiwa tunaondoka saa 12 asubuhi. Basi limetoka saa 3 kasoro, eti kuna watu wanasubiriwa. Mpaka tumalize kuandikishwa getini ni saa 5 na ushee. Kwa wasiopajua, geti liko mita 1,800 na kidogo, Mandara ni kama 2,700, na katikati kuna kilometa 8 hivi za msitu, kwenda tu. Mtu wa kawaida ni saa tatu au nne hizo. Piga hesabu ya kurudi mwenyewe.

Nikauliza chakula kiko wapi. Kijana wao akajibu, "Kiko juu braza, mtakula mkifika." Juu kwa nani? Mandara hakuna mgahawa! Kuna vibanda vya mbao, ukumbi wa kulia, maji na vyoo, basi. Kila kundi linapanda na mpishi wake na jiko lake, na ukiona sufuria inachemka pale ujue kuna mgumu (mpagazi) kaibeba tangu getini. Hawa jamaa wanaingia mlimani kila wikiendi, hilo wanalijua kuliko mimi.

Tumefika saa 9 na nusu, mvua imetunyeshea njia nzima. Ukumbini kundi la Wazungu wanaoelekea Kibo wameandaliwa bisi na chai ya tangawizi. Sisi thelathini na kitu tumejipanga ukutani na majaketi yanachuruzika, tunanusa. Mama mmoja alikuja na binti yake wa darasa la sita, mtoto anatetemeka hadi meno yanagongana. Mpishi wa wale wageni, Mungu ambariki, akammiminia chai kwenye kifuniko cha chupa na kumchotea bisi kwa sahani ya bati. Mwandaaji wetu muda huo yuko nje anajipiga picha kwenye kibao.

Kreta ya Maundi (shimo la volkano), ambayo kutoka vibandani ni robo saa tu na ipo kwenye tangazo, hakuna aliyeiona. Tumeshuka mbio, giza likatukuta msituni, tunamulika kwa simu. Mwongozaji mmoja mbele, wa pili hadi leo sijui alipitia wapi.

Na chakula kilikuwepo! Maboksi yalishinda kwenye basi. Saa 1 usiku tunakabidhiwa wali uliopoa na paja la kuku lililokwisha chacha.

Nimedai hela yangu kwenye grupu la safari, jibu: "Mlima una changamoto zake kaka, tuwe wazalendo." Dakika mbili baadaye nimetolewa. Uzalendo na kuku aliyechacha vinahusiana nini?

Mliokuwepo Jumamosi jitokezeni hapa tuungane. Na anayejua leseni za utalii zinalalamikiwa ofisi gani anielekeze. Risiti ninayo, na tangazo nililipiga picha kabla hawajalifuta.